Bodi imekuja na rangi yake: uipake au uiache?

Ukifungua boksi la modeli ya Toyota Hiace ya Aoshima, kampuni ya Kijapani, ya kipimo cha 1/32, yaani ndogo mara 32 kuliko gari lenyewe, la kwanza kukutana nalo ni bodi nyeupe inayong'aa kama kikombe cha kaure kilichotoka dukani. Vipande vinabanana bila gundi, vibandiko vimo ndani, na mtengenezaji anakuahidi kwamba hutahitaji rangi. Kisha unawauliza watu waliounga modeli miaka mingi, nao wanakuambia plastiki tupu ni mambo ya watoto, gari halijakamilika mpaka lipulizwe rangi.

Mimi nimepita njia zote mbili, na nimeharibu magari ya kutosha kuwa na msimamo. Bodi iliyotoka kiwandani na rangi nzuri iache ilivyo. Rangi yako itumie kwenye vitu vidogo: raba za vioo, matundu ya grili, taa, shasi, viti. Ukitaka kuipaka bodi nzima, uwe na sababu unayoweza kuitaja kwa sentensi moja, na "wazoefu wamesema" si sababu.

Nimeiweka Hiace mezani kwa kuwa ndilo gari ambalo msomaji wa Mombasa, Dar au Bujumbura hahitaji kuonyeshwa picha yake. Yaliyomo humu yanafaa vilevile kwa Suzuki Jimny ya mfululizo huohuo wa Aoshima, au kwa Enzo Ferrari ya Tamiya ya 1/24, ambayo bodi yake hutoka nyekundu.

Rangi iko wapi hasa

Modeli hizi ni za polistirini. Chembe za plastiki huchanganywa na rangi, zikayeyushwa, zikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kwa hiyo rangi haikukaa juu, imeenea ndani ya kipande kizima. Ukikwaruza, chini yake ni ileile. Mng'ao nao umetokana na kalibu. Chuma kilichosuguliwa mpaka kikawa kama kioo huzaa bodi kama kioo. Msasa ukipita hapo unaondoa mng'ao, lakini rangi inabaki, na kazi yako ni kurudisha mng'ao tu. Bodi iliyopulizwa haina huruma hiyo: ukisugua kidogo kupita kiasi, umeimaliza rangi, plastiki imetokeza, na unaanza upya.

Halafu kuna hesabu ambayo watu hawapendi kuifanya. Rangi ya gari halisi, pamoja na praima (rangi ya msingi) na klia yake (ile ya juu isiyo na rangi), ina unene wa mikroni 100 hivi, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita. Piga modeli ya 1/32 mikono mizito, yaani matabaka manene ya rangi, mpaka ufikie unene huohuo, na kwa kipimo cha gari hilo utakuwa umeikandika rangi ya milimita 3.2. Mwanya kati ya mlango na bodi ya gari la kweli ni milimita 4 au 5. Kwenye modeli unabaki kama sehemu ya saba ya milimita. Rangi ikiingia pande zote mbili za mwanya huo, mlango unazibika na gari linaonekana kama limetumbukizwa kwenye uji.

Plastiki tupu nayo ina aibu zake, nisiifiche. Mwanga huingia ndani yake kidogo kabla ya kurudi machoni, ndiyo maana bodi nyeupe, ya manjano na nyekundu huwa na sura fulani ya sabuni au nta. Ukiishika dhidi ya taa unaweza kuona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Dawa yake ipo, na haigusi nje ya gari hata kidogo. Nitaifikia.

Rangi za kupuliza hazipandi ndege

Jambo hili miongozo ya Wajapani na Wamarekani haina haja ya kulisema. Kwao duka la modeli lina ukuta mzima wa makopo. Kwetu sisi boksi la gari hufika kwa mtu anayerudi kutoka Dubai au Nagoya, na kopo la rangi ya kupuliza inayoshika moto haliruhusiwi kwenye begi la ndege, si la mkononi wala la chini. Gari linakuja, rangi inabaki.

Zinazosafiri bila matatizo ni rangi za akriliki za maji, kama zile za Vallejo kutoka Uhispania, kwenye vichupa vidogo. Hizo ni za brashi, na brashi hufanya kazi nzuri sana kwenye kiti, tairi na raba ya dirisha. Kwenye paa zima la Hiace zitakuonyesha michirizi hata ukiwa na mkono wa malaika.

Basi watu hukimbilia gereji. Mimi pia nilikimbilia. Nilikuwa na bodi nyekundu ya 1/24, nikampelekea fundi mmoja wa rangi niliyemwamini, akaichanganya duko na thina yake ileile anayopigia bampa na milango, akapuliza mkono mmoja mnene kwa ukarimu wote. Duko ya gari na thina kali huyeyusha polistirini. Kufika jioni mistari ya milango ilikuwa imelala, paa limefanya makunyanzi kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Fundi hakuwa na kosa. Yeye kazi yake ni mabati. Kosa lilikuwa langu kutojaribu kwanza kwenye fremu, ile mifupa ya plastiki inayobaki baada ya kukata vipande. Fremu imetoka kwenye plastiki ileile ya bodi, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kukosea.

Lini upake bodi nzima

Sababu ninazozikubali ni hizi.

Plastiki ya metaliki. Chembe zinazometameta huchanganywa ndani ya plastiki, na wakati inatiririka kwenye kalibu chembe hizo hujipanga kufuata mkondo. Utaona mizunguko na mawimbi kuzunguka vioo, vitasa na kona, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Kusugua hakuondoi, kwa sababu mawimbi yako ndani. Fedha na kijivu cha metaliki ndivyo vibaya zaidi. Hapa mimi napaka bila kujiuliza.

Bodi inayoungwa kwa vipande vinavyoonekana. Ukilazimika kutia puti kwenye maungio, hakuna puti itakayofanana na plastiki yako.

Unataka rangi nyingine kabisa. Hili ni la moyo, sina hoja nalo. Ila nunua seti iliyo karibu na rangi unayoitaka, maana rangi inayofanana na plastiki iliyo chini yake inasamehe mkwaruzo, na ukingo wa ndani wa mlango hautakusaliti.

Modeli za zamani, hasa za Kimarekani za chapa kama AMT na MPC ambazo wakati mwingine zilitolewa kwa plastiki nyekundu au ya manjano. Zinahitaji tahadhari yake, nayo iko mbele.

Ambacho sikikubali ni kupaka bodi nyeupe kwa rangi nyeupe. Nyeupe ndiyo rangi ngumu kuliko zote kuipuliza. Inahitaji mikono mingi kufunika, inaonyesha kila unywele na kila vumbi, na ukimaliza una bodi nyeupe yenye mistari iliyozibika. Ulikuwa nayo nyeupe asubuhi.

Kazi yenyewe: Hiace nyeupe hadi matatu

Kenya ilipoanza kutekeleza kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, mwaka 2004, kila matatu ililazimika kuwa na mstari wa manjano usiokatika, wenye upana wa sentimita 15. Kwa 1/32 hiyo ni milimita 4.7. Hiace nyeupe yenye mstari huo ni gari linalojulikana na kila mtoto wa Mombasa, na ndilo zoezi zuri la njia ya katikati: bodi inabaki plastiki, mstari unapakwa. Aliye Dar ana mistari ya daladala ambayo rangi zake hufuata njia. Hatua ni zilezile.

*Kuosha.* Kabla ya kukata chochote, osha fremu zote kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, ukisugua kwa mswaki laini. Viwanda hutumia mafuta ya kuachanishia kipande na kalibu, na yanayobaki hukataa rangi. Weka chujio kwenye sinki. Kioo cha pembeni cha 1/32 hakitaulizia njia kikishaona bomba.

*Kukata.* Kwenye modeli ya kupakwa unaweza kukata ovyo kisha rangi ifiche. Hapa hakuna wa kukufichia. Kata mara mbili: ya kwanza milimita 2 mbali na kipande, ya pili karibu na kipande kwa koleo kali au kisu cha kukatia karatasi, ukipunguza kidogokidogo. Kwenye plastiki nyeusi au ya rangi iliyoiva, koleo butu huacha doa jeupe pale plastiki iliponyongwa. Doa dogo hupungua ukilisugua kwa ukucha. La ukaidi lisugue kwa msasa namba 1000 mpaka ufike kwenye plastiki isiyoumia, halafu urudishe mng'ao. Mahali pasipoonekana sana hata tone la gundi nyepesi ya modeli, lile la kugusa tu kwa ncha ya brashi, huyeyusha doa likapotea. Usilijaribu hilo katikati ya mlango.

*Mistari ya kalibu.* Geuza bodi taratibu chini ya taa. Pale pande mbili za kalibu zilipokutana pana kijimstari kilichoinuka, mara nyingi kwenye nguzo za vioo na pembe za paa. Gari halisi halina kitu hicho, nacho kuliko yote ndicho kinachomfanya mtu aone mwanasesere badala ya gari. Kikwangue kwa upande usiokata wa kisu, kisha msasa wa maji: 1000, 1500, 2000, 3000. Kila namba ifute mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Ukiruka kutoka 1000 hadi 3000 utasugua mpaka adhuhuri na mikwaruzo ya kwanza bado itakuwepo, ila sasa inang'aa. Maji yawe na tone la sabuni, na bodi isuuzwe kila unapobadilisha msasa.

Usitumie mashine ya kuzunguka. Polistirini hulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, na msuguano wa mashine hufika huko kabla hujashtuka.

*Kurudisha mng'ao.* Baada ya namba 3000 sehemu uliyosugua itakuwa na ukungu. Kompaundi za Tamiya za hatua tatu ni nzuri kweli. Aliyezikosa atumie polishi ya rangi ya gari yenye chembe laini kabisa, au dawa ya meno nyeupe ya kawaida, si ya jeli. Kitambaa kiwe laini kama cha kufutia miwani. Zungusha kwa kidole, mkono mwepesi, dakika mbili tatu kwa kila sehemu. Ukishapata ladha yake utataka kuing'arisha bodi yote hata pasipoguswa na msasa, na nakushauri ufanye hivyo; sura ya sabuni inapungua kwa kiasi utakachokiona. Mwisho toa mabaki kwenye mianya kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa.

*Ndani ya bodi.* Hii ndiyo dawa niliyoahidi. Paka upande wa ndani wa bodi rangi ya fedha, mikono miwili ya brashi, bila kujali michirizi. Chembe za alumini zilizomo hulaliana kama magamba ya samaki na kuzuia mwanga. Juu ya fedha paka kijivu au rangi ya dari ya gari. Bodi ya rangi nzito unaweza kuipaka nyeusi moja kwa moja, lakini nyeusi chini ya plastiki nyeupe nyembamba huifanya nyeupe ionekane chafu. Kazi ya nusu saa, tena ni hiyo iliyonifanya niache kupuliza bodi. Gari likiwekwa dirishani halipitishi mwanga tena, na jicho linalikubali kuwa ni bati.

*Mstari wa manjano.* Pima kwanza. Urefu wa modeli ni kama sentimita 14.7, na mstari unaozunguka pande zote unafichua haraka ukienda upogo. Tumia mkunjo wa bodi chini ya vioo kama rula. Bandika tepu nyembamba ya kufunikia rangi juu na chini ya mstari, uache milimita 4.7 katikati. Tepu pana ya fundi wa nyumba ni nene na kingo zake zimechakaa; ibandike kwenye kioo, ikate ukingo mpya kwa kisu kikali na rula ya chuma, ndipo uihamishe.

Sugua eneo lililobaki wazi kwa msasa 2000 kavu, kidogo tu, rangi ipate pa kushika. Kisha jambo ambalo huokoa kazi nzima: kabla ya manjano, paka klia ya akriliki, ile isiyo na rangi, kwenye kingo za tepu. Ikipenya chini ya tepu itapenya yenyewe, haionekani, na ikikauka imeziba njia. Manjano inafuata kwa mikono mitatu au minne myembamba, brashi bapa, kila mmoja ukauke dakika 20 au 30. Brashi iende upande mmoja tu, kutoka taa ya mbele kuelekea nyuma. Bodi ikiwa nyeusi, tanguliza mkono wa nyeupe, kwa sababu manjano peke yake juu ya nyeusi hugeuka kijani kichafu.

Toa tepu mkono wa mwisho ungali laini, ukiivuta kwa kuirudisha juu yake yenyewe, taratibu. Palipovuja pakwangue kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa kwa thina ya akriliki. Plastiki chini haitajali, na hii ni faida nyingine ya bodi isiyopakwa: unafuta kosa bila kuogopa kufuta na rangi.

Wengine hubandika vinaili ya manjano badala ya kupaka. Inawezekana, ila rudi kwenye ile hesabu ya unene.

*Nyeusi na fedha.* Raba za vioo, vipangusio, matundu ya grili, sehemu ya chini ya bampa, vyote nyeusi isiyong'aa. Kwenye modeli yenye bodi nyeusi inayong'aa, shasi ikipakwa nyeusi iliyofifia inatengana na bodi papo hapo. Tairi zisiwe nyeusi tii. Tia kijivu kidogo, kwa sababu raba iliyotembea barabara ya Likoni haibaki nyeusi. Raba za vioo ni sehemu ndefu yenye kuudhi. Shika pumzi, tumia brashi yenye ncha, na ukitoka nje ya mstari subiri ikauke ndipo ukwangue kwa kijiti. Ukifuta ikiwa mbichi unatandaza wingu.

*Mianya ya milango.* Kwenye gari jeupe usitie wino mweusi. Mweusi juu ya nyeupe unageuza gari kuwa mchoro wa kuchorea watoto. Kijivu cha katikati kinatosha, kilichopunguzwa kwa maji na tone dogo la sabuni ya vyombo ili kitambae chenyewe ndani ya mwanya. Gusa kwa ncha, kiache kikimbie, futa ziada kwa pamba ya masikio yenye unyevu.

Wako wanaotumia rangi ya mafuta iliyopunguzwa kwa thina yake, na kwa modeli iliyopigwa klia ni njia nzuri. Kwa plastiki tupu ya kubana bila gundi naiogopa. Pini zinazobanana huwa zimekazwa wakati wote, na thina ya petroli ikifika kwenye plastiki iliyokazwa inaipasua. Unaweza kulala gari likiwa zima ukaamka bampa limeachana.

*Taa.* Vibandiko vya taa vinafaa, ila ukipaka fedha nyuma ya kipande cha kioo cha taa badala ya kubandika, taa inapata kina. Taa za nyuma zipake nyekundu inayopitisha mwanga kwa upande wa ndani, na fedha nyuma yake.

*Nta.* Ukishabandika kila kitu na kila rangi imekauka siku mbili au zaidi, maliza kwa nta ya gari bila chembe za kusugulia. Ikitangulia nta, hakuna kibandiko kitakachoshika.

Ukishaamua kupaka bodi nzima

Nunua rangi iliyotengenezwa kwa polistirini, na soma herufi. Makopo ya Tamiya yenye herufi TS ni ya modeli hizi. Yenye herufi PS ni ya bodi za polikaboneti, za magari ya rimoti, na yataila Hiace yako. Yanafanana rafuni.

Jaribio la kuvuja lifanyike siku tatu kabla. Plastiki nyekundu hasa, na wakati mwingine ya manjano, ina rangi inayoyeyuka kwenye thina na kupanda juu. Paka nyeupe kwenye kipande cha fremu nyekundu, kisha tazama baada ya siku mbili au tatu. Ikigeuka waridi, praima ya kawaida pekee haitakusaidia, itapanda nayo. Tanguliza mkono mwembamba wa fedha, yale magamba ya alumini tena, ukauke kabisa, ndipo praima na rangi yako. Rahisi zaidi ni kutoigombeza plastiki nyekundu: iache nyekundu, au iende nyeusi au kijani kizito.

Praima ya kijivu inafaa rangi nyingi. Nyekundu hupendeza juu ya praima ya waridi, ambayo Tamiya wanaitengeneza, na manjano juu ya nyeupe. Kabla ya praima sugua bodi yote kwa msasa 1500 au 2000 wa maji, osha, kausha, na kuanzia hapo ishike kwa glavu.

Kupuliza pwani kuna adabu yake. Thina ikiruka hewani huipoza bodi, na hewa ya Mombasa ikikutana na kitu baridi huacha unyevu juu yake. Rangi hupiga ukungu mweupe, nyeusi ikawa kama ubao uliofutwa vibaya. Alfajiri hewa ni tulivu lakini ndiyo yenye unyevu mwingi. Aprili na Mei, masika ikiwa juu, mimi sigusi kopo. Subiri siku kavu, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, pulizia ndani ya katoni kubwa iliyolazwa upande ili upepo na vumbi visifike. Kopo likae kwanza dakika kadhaa kwenye maji ya vuguvugu, si ya moto, na kamwe si jikoni karibu na moto.

Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, plastiki ionekane bado. Dakika 10 au 15, mkono wa pili, tena uwe mwembamba. Wa tatu ndio uloweshe kidogo mpaka rangi itulie na kung'aa. Anza kupuliza kabla kopo halijafika kwenye gari na umalize likishapita, umbali wa sentimita 20 hadi 25. Kisha funika kwa ndoo safi uondoke. Harufu ya rangi ikingali inasikika puani, bodi haijakauka. Wiki moja si nyingi.

Klia ya gereji ya kuchanganya na kigumishaji ina isosianati, inayoharibu mapafu. Barakoa ya karatasi haizuii. Nyumbani usiiguse, na ya kopo la kawaida pulizia nje, ukivaa barakoa yenye kichujio cha mvuke.

Ikiharibika

Akriliki hutoka kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi: loweka, sugua kwa mswaki. Dettol nayo huitoa, na iko kila duka la mtaani, lakini rangi ikiwa imelainika usiitie maji, itakuwa ulimbo unaogandia kila kitu. Sugua kwa Dettol mpaka rangi iishe, ndipo uoshe kwa sabuni na maji. Rangi ya mafuta hulainishwa na oili ya breki ya DOT 3 kwa usiku mmoja, kwa glavu, mbali na watoto na mbali na rangi ya gari la kweli. Jaribu kila dawa kwenye fremu kwanza. Uliyoiyeyusha kwa thina ya duko haina dawa. Yangu ile nyekundu nimeifanya mkebe wa vijiti vya meno.

Bodi nyeupe uliyoiacha bila rangi ina adui mmoja, jua, ambalo huifanya polistirini iwe ya manjano kadiri miaka inavyopita. Kuna klia zenye kinga ya miale hiyo, kama Mr. Super Clear UV Cut, ukibahatika kuipata kwa njia ya meli. Usipoipata, rafu ya ndani mbali na dirisha inatosha. Na usiliweke juu ya deshibodi ya gari lako, hata kama litapendeza hapo: gari lililofungwa vioo juani mchana wa Januari lina joto la kuikunja Hiace ndogo ikaangalia barabara kwa pembeni.